Dau Lenye Mkia

Sehemu ya tisa

Wiki nzima mtu wa watu tumemwacha amesimama katikati ya chumba chake cha kushonea, simu mkono wa kulia, mkasi mkono wa kushoto, sisi tukaenda zetu kula na kulala. Turudi sasa tumwone, maana hajasogea hata hatua moja.

Skrini bado inasema yale yale: "Mteja mpendwa, dau lako la juu kabisa ni mia mbili."

Mia mbili! Na Fundi alitaka kuweka laki nne na ushee.

Wewe uliyeokota gazeti hili leo kwa mara ya kwanza, vuta kiti nikueleze haraka. Fundi ni fundi cherehani, mkono wake hauna mpinzani mtaa mzima, na ana kichwa cha hesabu kinachomtia mashakani. Kampuni mbili za kubeti zimetofautiana bei juu ya fainali ya leo. Moja inalipa vizuri Wekundu wakichukua kombe, nyingine inalipa vizuri wakichukua Bluu. Fundi akaona mwanya. Ukiweka kiasi fulani huku na kiasi fulani kule, kombe likienda kokote unatoka na faida. Ni ndogo, lakini ya uhakika.

"Hii siyo kamari," huwa anajiambia mbele ya kioo cha wateja. "Kamari ni ya watu wasiojua hesabu."

Haya, bwana hesabu. Upande wa Wekundu amekwisha kuuweka, laki tatu sitini na saba elfu na sitini. Alipogeuka aweke upande wa Bluu, kampuni ya pili ikambana. Ana suruali ya mguu mmoja. Wekundu wakifungwa hela imekwenda, na kwa mara ya kwanza maishani Fundi anacheza kamari kama binadamu wengine.

Tena hela si yake. Ni laki nane alizodunduliza mkewe miaka miwili ili wanunue mashine ya ovaloki, ile ya kufunga pindo nyuzi zisifumuke. Jumatatu alimkabidhi kwa mikono miwili akamwambia, "Zisipite popote hizi, mume wangu, hata kwa dakika." Jumatatu ijayo asubuhi muuzaji analeta mashine.

Mechi inaanza saa kumi. Saa ya ukutani ilikuwa saa tisa na dakika thelathini na tano.

"Fundi!" sauti ikatoka nyuma ya pazia. "Nivue au nisivue?"

Huyo ni mteja wa suruali, mtu mnene, mpole, aliyebanwa pini kiunoni tangu saa tisa.

"Usivue," Fundi akajibu. "Wala usikae, pini zitakuchoma."

"Nimeshakaa," sauti ikasema kwa unyonge.

Fundi hakuwa na muda wa kumwonea huruma. Hii ni kampuni ya nne kumbana mwaka huu, na sababu anaijua, ila hataki kuikubali. Watu wa kampuni si wajinga. Mshabiki wa kweli anaweka elfu moja, elfu tano, elfu kumi, kwa timu anayoipenda, akikosa anatukana refa. Fundi haweki hivyo. Yeye anaweka laki moja kumi na nne elfu mia tatu na themanini. Hesabu imesema themanini, basi ni themanini, haiongezwi wala haipunguzwi.

Mara moja tu alijaribu kuikata iwe laki moja kavu. Usiku huo hakulala. Alijisikia kama amemvalisha mtu koti lenye mkono mmoja mfupi.

"Mkwe wangu," mama mkwe akaita kutoka mlangoni, alikokaa akifumua pindo za gauni la zamani. "Umekuwa mweupe kama chaki yako. Nani kafa?"

"Hajafa mtu, mama. Ni mtandao."

"Mtandao ndio unakutoa jasho hilo?"

Mama mkwe ana wiki ya tatu hapa. Alikuja kusaidia nyumbani baada ya binti yake kupata kazi mjini, kazi ya "huduma kwa wateja", wateja gani Fundi hajaambiwa na hajauliza. Macho ya mama yamechoka, miwani hataki, kwa hiyo simu huisoma akiwa ameinyoosha mkono mzima mbele yake, na kila mtu chumbani husoma naye.

Sasa hivi simu hiyo ikalia kengele ndogo. Mama akaunyoosha mkono. Fundi, bila kukusudia, akasoma.

"Mteja wetu wa heshima, asante kwa miaka minne pamoja. Leo ni fainali, tumekupa dau la bure!"

Fundi akaisoma tena. Ilikuwa kampuni ile ile. Ile iliyombana.

"Mama," akasema polepole. "Unabeti?"

"Usinipandishie sauti, nimezaa mkeo."

"Sijapandisha, mama. Nauliza tu."

"Naangalia mpira kwa karibu," mama akasema, na kuirudisha simu kwenye pochi. "Na wewe usianze hotuba zako. Ile uliyotoa siku ya kwanza kuja kwetu inatosha. Eti kamari ni mdudu. Wajomba walipiga makofi, mimi nikaficha simu chini ya mto."

Msomaji, mtu anayezama hachagui mkono wa kushika, na Fundi alikuwa anazama amesimama. Akavuta kigoda, akakaa mbele ya mama mkwe wake, akamwambia kila kitu, kuanzia kampuni ya kwanza mpaka hii ya nne. Alisema kwa kunong'ona kwa sababu ya mteja wa suruali. Nyuma ya pazia hakukusikika hata chakacha, maana mteja alikuwa ameacha kupumua ili asikose neno.

Mama alimsikiliza huku akifumua. Alipomaliza akauliza swali moja.

"Hela ni ya nani?"

Fundi akaangalia sakafu.

"Ya ovaloki," akasema.

"Ya mwanangu?"

"Ndiyo, mama."

Mama akaacha kufumua. Hakufoka, na afadhali angefoka. Aliumia, ikaonekana usoni mwake, na Fundi akaona aibu. Saa ya ukutani ilikuwa haina huruma na mtu.

"Unataka nini kwangu?" mama akauliza.

"Akaunti yako, mama. Wewe hujabanwa. Ukiniwekea upande wa Bluu, tumepona. Hela yote inarudi na cha juu kinapatikana."

"Bluu siwezi."

"Kwa nini, mama?"

"Mimi ni wa Wekundu miaka minne. Kipa wao anafanana na marehemu baba mkwe wako alivyokuwa kijana. Akiruka vile, mabega yale..." Mama akajipepea kwa kipande cha gauni. "Siwezi kumwekea hela afungwe."

"Mama, ni hela ya mwanao!"

"Nimesikia. Ngoja nimwombe radhi kwanza."

Akafumba macho, midomo ikacheza kidogo. Sijui alimwomba radhi nani, kipa au marehemu. Alipofumbua alikuwa mtu mwingine, mkavu, wa kazi.

"Haya. Nitumie kwenye laini yangu ya pili, ile ya siri. Hata mwanangu haijui. Kiasi gani?"

"Laki nne thelathini na mbili elfu, mia tisa na arobaini."

Mama akainua macho.

"Hiyo mia tisa na arobaini ni ya nini? Ya nauli?"

"Ndiyo hesabu ilivyotoka, mama."

"Ndiyo maana wanakubana! Dau lina mkia mrefu hivyo, hata kipofu anaukanyaga. Nani anapenda timu kwa mia tisa na arobaini? Tunaweka laki nne na thelathini, basi."

"Lakini mama, pande mbili hazitalingana. Bluu wakishinda nitapata pungufu ya..."

"Mkwe."

"Naam."

"Kata mkia."

Nawaambia mtu huyu amekata vitambaa vya harusi bila kutetemeka, lakini kuzikata hizo elfu mbili mia tisa na arobaini kulimuuma kuliko sindano ya kidoleni. Akazikata, akatuma.

"Sasa sikiliza, ujifunze," mama akasema, kidole kikishuka kwenye skrini herufi moja moja. "Akaunti yangu wanaipenda kwa nini? Kwanza, sijawahi kutoa hela."

"Hujawahi kushinda?"

"Nimeshinda mara mbili. Nikarudisha humo humo siku ile ile. Pili, nabeti mechi wanazobeti watu wote, siendi kutafuta ligi za watoto wa nchi za mbali kwa sababu bei imekosewa. Wewe unakwenda?"

Juzi tu alikuwa kwenye mpira wa wavu wa wanawake chini ya miaka kumi na tisa.

"Unakwenda," mama akasema. "Tatu, kila wiki naweka na upuuzi kidogo. Kama huu hapa. Kipa kufunga goli, mia tano."

"Mama! Kipa hafungi goli!"

"Ndiyo maana nikaitwa mteja wa heshima."

Akabonyeza. Mia tano ikaenda kwa kipa. Ikafuata laki nne na thelathini kwa Bluu. Mama aligeuza uso pembeni alipobonyeza, asione.

Wote wawili wakaukodolea macho ule mkono ulionyooshwa.

"Dau lako linakaguliwa. Tafadhali subiri."

"Linakaguliwa na nani?" Fundi akauliza.

"Sijui. Haijawahi kuniambia hivyo. Mimi na mia tano zangu huwa napita tu."

Saa kumi kasoro dakika kumi na mbili. Redio kwenye duka la jirani ilikuwa imeshaanza kutaja vikosi.

Simu ikaita. Ilikuwa laini ya kwanza, ya halali, na jina lililotokea lilikuwa la binti yake. Mke wa Fundi.

"Usipokee," Fundi akanong'ona.

"Nisipopokea atakupigia wewe," mama akasema, akapokea. Na kwa kuwa mama hajawahi kuongea na simu bila spika tangu aijue simu, sauti ya mkewe Fundi ikajaa chumba kizima.

"Mama, shikamoo. Uko peke yako?"

Mama alimtazama Fundi. Alilitazama pazia.

"Marahaba mwanangu. Niko peke yangu."

"Mume wangu?"

"Yupo nje, anampima mtu."

"Afadhali. Mama, leo bosi amenisifu mbele ya watu! Nimemnasa mjanja mmoja asubuhi, nikambana mpaka mia mbili."

Fundi alishika meza.

"Mjanja gani tena?" mama akauliza.

"Kwenye akaunti, mama. Si nilikwambia niko kampuni ya kubeti, ingawa sikuitaja? Tunawatafuta wale wanaobeti pande mbili. Sisi wapya hatuonyeshwi majina wala namba za simu, tunaona madau tu. Huyu wangu ni kituko! Anaweka laki na kitu, mwisho kuna themanini. Themanini, mama! Nikasema huyu mtu anapima kwa rula."

Fundi aliuma futi kamba iliyokuwa shingoni mwake. Nyuma ya pazia mteja wa suruali alikohoa kikohozi ambacho hakikuwa kikohozi.

"Labda ana shida zake," mama akasema.

"Ana tamaa tu. Sijui kama ana mke. Kama anaye, namhurumia." Akacheka, halafu kicheko kikafifia. "Mama, mimi nami sina la kusema. Namficha mume wangu. Mtu anaichukia kamari vile, na mimi nakula mshahara wa kamari. Kila nikirudi nataka kumwambia, nikimwona anavyoshona kwa bidii naogopa. Nimeamua Jumatatu. Mashine ikifika, amefurahi, nitamweleza yote."

Hapa, msomaji, nilitaka kumcheka Fundi. Nimemcheka sehemu nane mfululizo na nyinyi mkanisaidia. Lakini alikuwa amekaa kwenye kigoda chake cha kushonea, futi kamba mdomoni, machozi yamemlenga, na mimi nikakosa pa kuanzia.

"Atakuelewa," mama akasema. Macho yalikuwa kwa mkwe wake.

"Unadhani? Ngoja, mama, imeingia nyingine mezani... Alaa! Hii nayo! Akaunti ya miaka minne, mtu wa mia tano mia tano, kila wiki Wekundu. Leo ghafla laki nne na thelathini kwa Bluu! Na dakika moja kabla amebeti kipa atafunga goli."

"Labda ana homa," mama akasema.

"Huyu kaazimwa akaunti, naona kabisa. Ningemfuta sasa hivi, ila utaratibu ni kumpigia kwanza, kompyuta ndiyo inapiga namba nisiyoiona, na bosi amekaa hapa pembeni anasikiliza. Asipopokea naifuta. Nitakupigia baadaye mama. Msalimie mume wangu. Mwambie ale, akiwa na kazi nyingi husahau."

Simu ikakatika.

Ilibaki redio ya jirani tu, ikisema timu zinaingia uwanjani.

"Atapiga hapa," Fundi akasema.

"Atapiga hapa," mama akakubali.

"Pokea wewe, mama. Badilisha sauti."

"Nimemwita kula kila siku kwa miaka ishirini. Nikisema 'haloo' tu amenijua."

Wakatazamana. Halafu, pole pole, kama watu wawili waliofikia wazo moja kwa wakati mmoja, wakageuka kulitazama pazia.

Pazia likafunguka lenyewe. Mteja wa suruali alikuwa amesimama pale, kiuno kikimetameta pini, mkono ameshaunyoosha.

"Nipeni," akasema. "Nimesikia yote. Jina langu hajui, sauti yangu hajui. Nitasema ni mimi, basi. Ila suruali nipunguziwe bei."

Ilikuwa rahisi hivyo! Simu ikaita, laini ya pili, namba ya ofisi. Fundi akaichukua mikononi mwa mama mkwe, akapiga hatua mbili kuelekea kwa mteja. Dau litapita. Pande mbili zitakuwa zimekamatwa. Jumatatu mashine italetwa, mkewe atamweleza siri yake huku akitetemeka, na yeye atajifanya mtu mwema, atamsamehe.

Hatua ya tatu ikagoma.

"Mpe basi!" mama akasema. "Itakatika!"

Mara ya nne inaita. Mara ya tano.

"Ameniambia nile," Fundi akasema.

Akapokea yeye. Spika ilikuwa imewashwa kama ilivyo kawaida ya simu hiyo.

"Habari za mchana, mteja." Ilikuwa sauti ya mkewe, imevaa nguo za kazini, imenyooka. "Simu hii inarekodiwa. Nina maswali mawili mafupi kuhusu dau la laki nne na thelathini. Swali la kwanza, umeliweka wewe?"

"Ni mimi," Fundi akasema. Hakubadilisha sauti. Alisema kama anavyosema kila jioni akigonga mlango na mkewe akauliza nani.



Upande wa pili kilisikika kiti kikisogezwa. Kwa mbali mwanaume mmoja akauliza, "Vipi, kuna tatizo?" Hakujibiwa. Redioni mtangazaji akasema refa ameweka filimbi mdomoni. Mama mkwe alikuwa ameshika mdomo kwa mikono miwili, na mteja wa suruali, ambaye haya hayakumhusu hata kidogo, alikuwa ameinamisha kichwa.

Sauti ikarudi. Ilikuwa ya kiofisi vile vile, kila neno mahali pake, ila ilikuwa imeshuka chini sana.

"Asante, mteja. Swali la pili. Je, fedha hizi ni zako?"